Kura ya Mtoto Asiye na Pasi

Nilipomwomba tajiri wangu wiki tano za likizo badala ya tatu, aliniuliza kuna nini kwetu. Nikamwambia kuna kura ya katiba. Alikuwa mtu mpole, mwenye ofisi ya mizigo pale Naif, Dubai, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia wateja wa Mombasa, Tanga na Unguja orodha za mabunda yao. Alitikisa kichwa, akasema hajawahi kusikia mtu anapanda ndege kwenda kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Lakini alinipa. Sikumweleza kwamba karatasi yenyewe sikuwa naenda kuitumbukiza kwa ajili yangu.

Tulikuwa tukikaa wanawake watatu na mtoto mmoja katika chumba kilicho juu ya duka la mabegi, mtaa wa Deira. Mmoja alikuwa Mtanzania wa Moshi, mhudumu wa hoteli, Mkristo, mtu wa maneno machache ambayo kila moja lilikuwa na kazi yake. Wa pili alikuwa mama wa mtoto. Alinizidi miaka kama kumi, kwao Malindi, na mimi nilimwita dada tangu siku ya kwanza alipoona nimelala chini akanisogezea nusu ya godoro lake. Alikuja Dubai kwa kazi za nyumbani, kisha akapata kafili mwingine, yaani mdhamini wa kazi, mwenye duka la abaya, akawa anashona vito kwenye mikono na shingo za nguo, kimoja kimoja, kwa sindano nyembamba. Macho yalikuwa yakimuuma kila jioni. Kiingereza hakujua kukisoma. Barua za ofisi, karatasi za hospitali, hata maelezo ya dawa, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea.

Mume wake nilimkuta kwa hadithi tu. Alizaliwa hapo hapo Dubai, babu yake akiwa ametoka Unguja, na nyumbani kwao walizungumza Kiunguja cha zamani, kizuri kushinda cha wengi wetu. Lakini hakuwa raia wa nchi yoyote. Watu kama yeye wanaitwa bidun, yaani wasio na kitu, na kitu chenyewe ni karatasi. Walifunga ndoa kwa kadhi, wakapata mtoto wa kike, na mtoto alipotimiza miaka miwili baba akafa kwa ugonjwa wa moyo. Akamwachia binti yake jina, nywele laini, na hali yake ile ile. Mtoto alikuwa na cheti cha kuzaliwa. Pasi hakuwa nayo, ya huku wala ya kwetu.

Nilipohamia pale alikuwa na miaka minane. Shule ya serikali hawakuweza kumpokea, kwa hiyo alikwenda madrasa asubuhi, na mchana alikaa chini ya meza ya mama yake dukani akitenganisha vito kwa rangi. Hesabu na kuandika nilimfundisha mimi. Aliniita mama mdogo. Aliwahi kuniuliza Malindi ni kubwa kuliko Deira? Nikamwambia ni ndogo, lakini bibi yake yuko huko. Akasema, "Basi nataka huko."

Na bibi naye alimtaka. Alikuwa mgonjwa wa miguu na macho yalikuwa yameanza kumwacha, na kila simu aliyopiga aliimaliza kwa neno moja, kwamba aletewe mjukuu wake amguse uso.

Tulikwenda ubalozini Abu Dhabi, dada na mimi, kwa basi la asubuhi. Aliyetupokea alikuwa mzee wa makamo, mstaarabu, akatuita mama wote wawili. Alisoma cheti cha ndoa, akasoma cheti cha kuzaliwa, akaviweka mezani kwa adabu kama mtu anayerudisha vyombo vya watu.

"Mama," alimwambia dada, "mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, sheria yetu yamtazama baba. Baba akiwa Mkenya, ni haki yake. Mama akiwa Mkenya, ni ombi."

"Na ombi lapelekwa wapi?"

"Nairobi. Na huko watataka mtoto awe nchini."

"Ataingia vipi nchini na pasi hana?"

Yule mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hapo ndipo penye shida, mama." Halafu, labda kwa sababu aliona uso wa dada, akaongeza kwamba kuna katiba mpya inaandikwa, watu wataipigia kura mwisho wa mwaka, na amesikia humo mama na baba wamewekwa sawa katika jambo hili. "Mngojee," akasema. "Huenda ikapita."

Tuliporudi, dada aliviweka vile vyeti mapajani, akavishikilia mpaka basi lilipoingia mjini. Kisha akaniuliza, "Hiyo katiba mtu aweza kuipata akaisoma?"

Nilimwomba mteja wetu mmoja, mama anayenunua mashuka Naif na kuyauza Mombasa, aniletee. Aliileta mwezi wa Septemba ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa pamoja na viazi vya karai alivyonipikia ndugu yake. Ilikuwa kitabu cha karatasi nyepesi ya gazeti, kimechapwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Ijumaa ile, baada ya watu kurudi msikitini, tulitandika mkeka tukakaa. Nilitafuta sura ya uraia kwenye orodha ya yaliyomo mwanzoni, nikafungua, nikasoma moyoni kwanza. Kisha nikamwambia kwa Kiswahili: mtu ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje ya Kenya, ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo 'au'," akasema. "Mama au baba. Hiyo 'au' yenyewe ni ipi?"

Nikamwonyesha. Kwa Kiingereza ni neno la herufi mbili.

"Herufi mbili tu?"

"Mbili tu."

Alichukua chaki yake ya kupimia nguo, akalizungushia duara jeupe hafifu. Mtoto naye akataka kuona, akaweka pua karibu na karatasi. Dada akamwambia, "Hapo ndipo ulipo wewe." Tukatafuta kama maneno yale yanawahusu waliozaliwa kabla ya katiba kupita, na kifungu cha chini yake, tulivyokielewa, kilisema yanawahusu. Siku ile dada alipika biriani ingawa hakukuwa na sikukuu.

Mtanzania wetu alikuwa kitandani akipumzika kabla ya zamu ya jioni. Tulidhani amelala. Akauliza, "Nyie mnaruhusiwa kukikubali hicho kifungu na kuvikataa vingine?"

Nikasema hapana. Swali ni moja, kwa kitabu kizima. Ndiyo au la.

"Basi someni chote," akasema, akageukia ukutani.

Ndivyo tulivyokisoma chote. Ilituchukua Ijumaa nyingi, na Ramadhani ikatukuta katikati. Nilikuwa nimepiga kura mara moja maishani, uchaguzi mkuu uliopita kabla sijaja Dubai, na wakati ule nilichagua watu kwa sura na kwa maneno ya mtaani. Sikujua kwamba katiba inasomwa kama mkataba wa nyumba: kifungu cha mbele kinakupa chumba, cha nyuma kinakwambia mlango una funguo ngapi na nani anazishika. Nilijifunza kurudi nyuma kila nilipokuta maneno "isipokuwa" na "kwa mujibu wa kifungu". Nilijifunza kuwa jedwali la mwisho kabisa, ambalo hakuna anayelitazama, ndilo linalosema mambo yaanze lini. Mengine yalinipendeza. Mengine yalinitia wasiwasi, na nilimwambia dada. Mamlaka ya rais yalibaki makubwa. Mahakama za kadhi zilikuwa zimeandikwa kwa namna ambayo mama muuza mashuka alisema masheikh kwetu hawakuiridhia. Habari ya ardhi ya Pwani niliisoma mara tatu na sikuelewa kama ardhi inarudi kwa wenyewe au hairudi.

Dada alisikiliza yote. Alikuwa na akili ya kusikiliza. Halafu akasema, "Kumbe si kitabu kibaya wala si kizuri. Ni kitabu."

"Ni kitabu," nikamwambia.

"Na mimi nina herufi mbili humo ndani."

Yeye hakuweza kupiga kura. Huku nje hakukuwa na kituo, na hata kama angesafiri, kadi ya mpigakura hakuwa nayo. Mimi kadi yangu nilikuwa nimeichukua kabla ya kuondoka, nikaitunza pamoja na cheti cha kidato cha nne. Alijua. Siku ya kuondoka kwangu, Ramadhani ikiwa imebaki siku mbili, alinifungia zawadi za mama yake, akanishika mikono yote miwili penye ngazi.

"Utanipigia kura mimi," akasema. Hakuniuliza, aliniambia.

"Nitakupigia."

Nilikula Idi Mombasa kwetu Majengo. Mji mzima ulikuwa machungwa. Wanaokubali walipewa alama ya ndizi na wanaokataa chungwa, na huko Pwani ungeona matunda yale yamechorwa ukutani, yamening'inizwa kwenye mikokoteni, watoto wamevaa maganda kichwani. Ndugu yangu mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufa, alikuwa mfanyakazi wa bandarini na mtu wa kusikilizwa mtaani. Yeye ndiye aliyelipa shule yangu. Barazani kwake watu walikuja kujadiliana tangu alasiri, na wote walikuwa wa upande mmoja.

Siku ya nne ya Idi nilipanda basi kwenda Malindi kumwona mama yake dada. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba uani, miguu imevimba, kanga imefungwa kifuani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia na kunivuta nikae karibu, akanipapasa uso taratibu, paji, pua, kidevu.

"Si wewe ninayemtaka," akasema akicheka, "lakini nashukuru umekuja."

Nilimpa picha za mjukuu wake. Alizisogeza mpaka zikagusa pua, akazigeuza juani, akasema anaona rangi ya nguo tu. Nikamweleza nguo ni ya buluu, na kwamba mtoto ameshahifadhi juzuu ya kwanza, na anajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Aliniuliza ana urefu gani. Nikasimama nikamwonyesha kwenye bega langu, akainua mkono wake akapima, akauacha mkono hapo hapo kwa muda.

"Binti yangu alinambia kwa simu kuna kura," akasema. "Hiyo kura ndiyo itakayomleta?"

"Inshallah, bibi."

"Na wewe utaipiga?"

"Nitaipiga."

Akaniombea dua ndefu, akanipa kanga mpya nimpelekee mtoto. Yote haya nayaandika kwa sababu nataka ijulikane kwamba sikusahau. Baadaye nimejaribu kujiambia kuwa nilichanganyikiwa na kelele za mji. Sikuchanganyikiwa.

Siku moja kabla ya kura, baada ya chakula cha mchana, ndugu yangu aliniuliza mbele ya mama nitapiga nini. Nikamwambia ndizi. Aliweka bilauri ya maji chini. Hakufoka, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu ningejua namna ya kumjibu mtu anayefoka.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Nimeisoma yote."

"Mamlaka ya rais yamepungua?"

"Hayakupungua sana."

"Ya kadhi umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Basi nieleze wewe uliyesoma."

Nikamweleza habari ya dada, na mtoto, na mzee wa ubalozini, na kifungu cha uraia. Alisikiliza mpaka mwisho. Mama yangu alifuta machozi. Kisha ndugu yangu akasema, "Hicho ni kizuri. Nani anakipinga hicho? Hakuna anayekipinga, si ndizi si chungwa. Tukiikataa hii itaandikwa nyingine, na hicho hakitatoka, kitarudi humo humo. Lakini hii tukiipitisha na ubovu wake, utakaa nao wewe na wajukuu zako. Mtoto mmoja angoje mwaka, miaka miwili. Sisi sote hapa tunasema la. Usiwe wewe peke yako katika nyumba hii."

Nilimwamini. Nataka kuwa mkweli hapa: sikulazimishwa. Maneno yake yalikuwa na akili, na mpaka leo nikiyatazama yana akili. Ila yalikuwa ni akili ya mtu ambaye hamjui yule mtoto.

Asubuhi ya kura mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, uwanja wa shule ya msingi ukawa tope. Tulipanga foleni saa mbili na nusu. Wanawake walikuwa wakisukumana kwa utani na kusema leo tunakamua chungwa letu. Ndani ya darasa karani alitafuta jina langu kwenye daftari, akanipa karatasi, akanielekeza kwenye dawati lililozibwa kwa boksi. Karatasi ilikuwa na swali moja, na picha mbili. Katika miezi ile yote ya kusoma nilizoea kurasa nyingi, na sasa kila kitu kilikuwa kimekusanywa kwenye nafasi mbili ndogo za kutia alama. Sikumbuki nilisimama kwa muda gani. Nakumbuka dawati lilikuwa limechorwa na mwanafunzi ramani ya Afrika kwa ncha ya bikari. Niliweka alama kwenye chungwa. Nikaikunja, nikaitia sandukuni, nikapakwa wino kidoleni, nikatoka kwenye tope kumkuta ndugu yangu akinisubiri na mwavuli.

Chungwa lilishinda, nchi nzima, si kwa kura yangu wala kwa kura elfu kama yangu. Ndugu yangu alichinja mbuzi. Nilikula.

Niliporudi Dubai wino ulikuwa bado haujatoka vizuri kwenye ukucha. Dada alikuwa ameshasikia matokeo redioni. Alinifungulia mlango, akanipokea mzigo, akanikalisha, akanipa chai. Halafu akauchukua mkono wangu akakitazama kile kidole, akakibusu.

"Tumeshindwa," akasema. "Lakini hiki kilinipigia mimi."

Mtanzania wetu alikuwa akipiga pasi sare yake. Mtoto alikuwa amejifunga kanga ya bibi yake akizunguka chumbani. Kulikuwa na nafasi ya kusema, ndefu ya kutosha. Nikanywa chai.

Niliishi na kile nilichokinyamazia kwa karibu miaka miwili. Dada hakuacha kunishukuru. Dukani aliwaambia wateja wa Kenya kwamba mdogo wake alisafiri mpaka Mombasa kumpigia kura binti yake. Mmoja wao alinishika mkono Naif barabarani akaniambia mimi ni mtu wa maana.

Katiba nyingine haikuandikwa mwaka ule. Wala uliofuata. Walioshinda na walioshindwa wakaanza kugombana kwa mambo mengine, na kitabu kile hakuna aliyekitaja tena. Mama yake dada akafariki kabla ya Ramadhani ya pili. Simu ilikuja asubuhi, dada akiwa dukani, na mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Aliweka sindano kwenye kitambaa, akasimama, akauliza, "Alimuulizia?" Nikamwambia ndiyo, ndugu zake wamesema alimuulizia mtoto. Tajiri wake alimrudishia pasi aliyokuwa akimshikia siku hiyo hiyo. Alikwenda peke yake. Maziko yalikuwa yamekwisha, akakuta kaburi, akakaa siku saba, akarudi. Mtoto alibaki na mimi. Kila siku aliniuliza kama bibi aliambiwa kwamba yeye ana miaka kumi sasa.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi kwake tulikuwa tumekaa sisi wawili, mtoto akiwa kwa jirani. Dada alikuwa ameleta kazi nyumbani, mkono wa abaya umelazwa gotini. Akaanza kusema tena, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba angalau mama yake alikufa akijua kuna mtu alijaribu.

Nikamwambia, "Dada, mimi nilipiga chungwa."

Aliendelea kutia uzi vito viwili, vitatu. Nikafikiri hakunisikia.

"Pale ndani," akauliza, "ulimkumbuka?"

"Nilimkumbuka."

"Na mama yangu? Ulikuwa umeshamwona."

"Nilikuwa nimeshamwona."

Nikaanza kumweleza maneno ya ndugu yangu, kwamba kifungu kingerudi, kwamba hakuna aliyekipinga, kwamba hata kura yangu ingekuwa ndizi tungeshindwa vile vile. Aliniacha niseme yote.

"Hayo ya kushindwa nayajua," akasema. "Wala sikuudhika kwa kuwa ulitaka katiba nzuri. Ungenipigia simu ukanambia, 'Dada, nimeona vingine,' ningelia, kisha ningekwambia fanya uonavyo. Ile kura ni yako. Lakini mimi nilibusu mkono wako, nawe ukanitazama."

Akakunja kazi yake, akaenda kumchukua mtoto.

Hakunifukuza wala hakuninunia. Tulipika pamoja, tulifua pamoja. Lakini tangu siku hiyo hakuniletea tena karatasi nimsomee. Barua ikija kwa Kiingereza aliiweka juu ya kabati mpaka Mtanzania atoke kazini, hata kama mimi nimekaa pale pale sina kazi. Mtanzania alinitazama mara ya kwanza, akaelewa kuna jambo, akasoma.

Mwaka uliofuata shangazi wa mtoto, dada wa marehemu baba yake, alikuja kutoka Ajman. Alikuwa mwanamke mzito, wa heshima, aliyetuletea mikate ya ufuta. Alisema familia yao wameandikishwa serikalini, na kuna mpango watu wa hali yao wapewe pasi za Komoro, wakae hapa hapa lakini wawe na karatasi mkononi. Mtoto wa kaka yake angeweza kuingizwa kwenye faili lao. Ila lazima awe anaishi nyumbani kwao, na shule ataingia akiwa huko.

"Komoro hamjawahi kufika," dada akasema.

"Hatujawahi," shangazi akajibu. "Lakini mlango ukifunguliwa, huulizi umejengwa kwa mbao za wapi, mwanangu. Mtoto anakua."

Dada aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya tatu alimsuka nywele mtoto tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mistari midogo midogo, ili zikae muda mrefu. Gari la shangazi lilipofika, mtoto hakulia kwa sababu alikuwa ameambiwa atakwenda shule yenye maktaba. Aliniaga, akaniuliza kama nitakuja kumwona. Nikasema nitakuja. Dada alishuka naye ngazi, akapakia begi, akafunga mlango wa gari mwenyewe. Alirudi juu, akakaa kwenye godoro, akavuta viatu vya mtoto vilivyosahauliwa chini ya kitanda na kuvifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Alikwenda Ajman kila Ijumaa. Baadaye akahamia huko kabisa, kwa duka jingine la abaya, na mimi nikapata kazi ya mapokezi kwenye mnara mmoja kule Jumeirah Lakes Towers, mbali na Naif. Tukawa watu wa kupigiana simu siku za Idi.

Katiba nyingine iliandikwa mwishowe, watu wakaipigia kura, ikapita. Kifungu cha uraia kilikuwamo, kama ndugu yangu alivyosema. Siku ile nilimpigia dada simu nikiwa kwenye mapumziko ya mchana, nimesimama nje ya mnara penye kivuli. Nikamwambia kimepita, mama au baba, na waliozaliwa zamani wamo.

"Nimesikia," akasema. "Binti amenisomea kwenye mtandao."

Nikamuuliza kama atamwombea pasi sasa. Nyuma yake nilisikia cherehani.

"Nilimwambia twende nikamwonyeshe kwetu," akasema. "Akaniuliza twende kwa nani. Wasichana wenzake wako hapa, shangazi yake yuko hapa. Nikaona ana haki. Bibi yake hayupo." Kisha akaniuliza, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, ila magoti."

"Mwambie akande kwa mafuta ya nazi ya moto."

Nikamwambia nitamwambia. Akasema mteja ameingia, tukaagana.